Mfupa wa Bega la Ngamia

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, ambayo jina lake halitatusaidia kitu. Tulikuwa vijana kumi na wawili kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bahasha yake ya kaki yenye vyeti. Kabla ya kuulizwa lolote tukagawiwa fomu ya kurasa nne, ya Kiingereza, imejaa sentensi, na mbele ya kila sentensi kuna visanduku vitano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Kama napenda kupanga vitu vyangu. Kama hukasirika upesi. Nikawa naweka vema harakaharaka kama mtu anayechambua mchele, mpaka nikafika sentensi ya 31. Hiyo ilitaka kujua kama nikisoma shairi au nikitazama kazi ya sanaa mwili hunisisimka.

Nikacheka peke yangu, jirani yangu akanitazama. Nilikumbuka usiku mmoja nikiwa kidato cha tatu, umeme umekatika Magomeni nzima, nasoma riwaya kwa kibatari hadi pua ikajaa masizi, na kwenye ukurasa fulani nywele za mikono zikasimama zenyewe. Sikuwahi kumweleza mtu. Sasa leo karatasi inaniuliza! Nikaweka vema kwenye "nakubali kabisa", tena kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa.

Simu haikupigwa hadi leo. Inawezekana nilifeli kwa jambo jingine, sijui, lakini mama mdogo, ambaye naishi kwake, nilipomsimulia alitua mwiko chini.

"Sasa mwanangu, mtu anatafuta wa kupokea simu, wewe unamwambia unasisimkwa na mashairi? Si atajua utakuwa unaota pale mezani?"

"Lakini ndio ukweli wenyewe, mama."

"Ukweli una mahali pake. Safari nyingine weka katikati."

Basi nikakata shauri kufuatilia. Nani hasa aliamua kwamba kusimama kwa nywele za mkono wangu ni habari ya kumhusu mwajiri? Mengine niliyasoma Maktaba Kuu, mengine kwenye simu usiku vocha ikiwepo, na hadithi yenyewe ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1884 Mwingereza Francis Galton alichukua kitabu cha visawe vya Kiingereza akakadiria kwamba lugha hiyo ina maneno yasiyopungua elfu moja ya kueleza tabia za watu. Wazo lake lilikuwa jepesi: kama jambo ni muhimu katika maisha ya watu, bila shaka watakuwa wamelitungia neno. (Huyu Galton ndiye huyohuyo aliyebuni jina la ile elimu chafu ya kuzalisha watu eti "bora", kwa hiyo nilimsoma nimekunja uso.) Mwaka 1936 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Henry Odbert, waliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Walipekua kamusi kubwa ya Webster neno kwa neno, wakatoka na maneno 17,953 ya kumtofautisha mtu na mtu, na kati yake 4,504 waliyaona kuwa ya tabia za kudumu. Mimi ninayetamani kuandika riwaya nikaona wivu. Fikiria, mtu analipwa kukaa na kamusi tu!

Waliofuata wakayapunguza, wakayafunga mafungumafungu. Mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal, waliokuwa wakilifanyia utafiti Jeshi la Anga la Marekani, wakaona mafungu yanayojitokeza tena na tena ni matano. Manne hayana ugomvi mkubwa: uchangamfu, upole, bidii na utulivu wa moyo. La tano ndilo lililowasumbua. Wao waliliita kwa neno ambalo mimi ningelitafsiri "ustaarabu". Mwingine, Lewis Goldberg, akapendelea kulihusisha na akili. Lakini Paul Costa na Robert McCrae, tangu miaka ya 1970, walisema hapana, hili si suala la shule wala werevu. Ni utayari wa mtu kupokea mapya. Wakaligawa katika vyumba sita: ndoto za mchana, mvuto wa sanaa na uzuri, hisia za ndani, matendo, fikra, na utayari wa kuyahoji yale mtu aliyokuzwa kuyaona kuwa ya haki. Kule kusisimka mwili kumo katika chumba cha pili. Mwaka 2007 McCrae alichapisha makala akitumia majibu kutoka tamaduni 51, akaonyesha kuwa katika nyingi ya hizo swali la kusisimka ni miongoni mwa yanayomtambulisha vizuri zaidi mtu wa aina hiyo. Kumbe ile sentensi ya 31 ilikuwa mtego wa kunasa watu kama mimi.

Isije ikadhaniwa kwamba mambo hayo ni amri toka mbinguni. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo yao kutoka kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia, na yale mafungu matano hayakujitokeza kwao. Walakini kilichonishika mimi ni jambo ambalo McCrae mwenyewe aliliandika mwaka 1990: kwamba hili fungu la tano limekosa maneno katika lugha ya kila siku. Watu wa namna hiyo wapo, ila kamusi haijawapa majina ya kutosha.

Niliposoma hapo nikaifunga simu nikachukua kamusi yangu ya Kiswahili, ile iliyobanduka jalada. Hebu tujaribu pamoja, msomaji. Mtu anayependa kuuliza, kuonja, kuchungulia, kwenda asikokujua, sisi tunamwitaje? Mdadisi, sawa, hilo ni neno safi. Lakini mtaani kwetu nani anaitwa mdadisi? Tunasema mdaku. Tunasema mpekuzi, mjuaji, ana kiherehere, ana kimbelembele. Nikiwa mdogo jirani yetu alikuwa akiniambia, "Mtoto wa kike macho juujuu hivyo, unatafuta nini?" Neno pekee lililonipa faraja ni mtundu. Mtundu ni mtoto aliyevunja redio ya baba yake, na mtundu ni fundi anayeitengeneza redio hiyohiyo kwa waya wa kuokota. Neno moja, lawama na sifa ndani yake, inategemea umri wako na kama redio inaimba. Na methali zetu nazo zimegawanyika. Hapa tunaambiwa tembea uone, pale tunaambiwa mwacha mila ni mtumwa.

Sasa nikataka kumwona mtu mwenyewe, sio fomu. Mtu wa pwani yetu, aliyeishi kabla hawajazaliwa wenye visanduku vyao. Rafiki yangu mmoja aliniazima kitabu cha Kiingereza kilicholowa chai, kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete. Wengi tunalijua jina. Nilikuwa najua ile habari ya binti mfalme aliyetoroka na Mzungu, basi, kama filamu ya Kihindi. Sikujua habari ya mfupa.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mama yake ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi, aliyetekwa nyara kwao akiwa mtoto mdogo. Jumba lile lilikuwa dunia nzima ndani ya ukuta mmoja: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, lugha zote zinasikika uani. Watoto waliwekwa chuoni kusoma Kurani. Ila palikuwa na mpaka. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana, kusoma tu. Herufi ilikuwa halali kwa macho yao na haramu kwa vidole.

Salme hakupiga kelele. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana uliotumika kama ubao, akauweka Msahafu mbele yake, akaanza kunakili herufi moja baada ya nyingine kwa siri. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa anachora maumbo, kama sisi tulivyochora kwa kijiti mchangani. Mkono ulipozoea akaona hautoshi, anataka mwandiko wa kueleweka, ndipo akamtwaa mmoja wa watumwa wao waliojua kuandika akamfanya mwalimu wake. Siri ilipofichuka alisemwa sana. Yeye anaandika kwamba hakujali.

Nimekaa na picha hiyo siku nyingi. Nikiulizwa utayari wa kupokea mapya una sura gani, nitasema una sura ya mfupa ule. Salme hakusafiri popote wakati huo, hakuonja chakula cha kigeni, alikuwa bado mtoto wa ndani. Kitu kilekile walichokitazama wasichana wote wa Mtoni kila siku, yeye alikitazama akauliza mkono wangu una kosa gani.

Na uone lilivyomgharimu upesi. Baba yake alifariki mwaka 1856, ufalme wa Unguja ukashikwa na kaka yake Majid. Mwaka 1859, mwaka ambao pia mama yake alikufa kwa kipindupindu, kaka mwingine, Barghash, akafanya njama za kumpindua Majid. Salme alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Dada yake Khole, ambaye alimpenda mno, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta. Lakini walimhitaji kwa nini hasa, msichana wa umri ule? Kwa sababu anajua kuandika! Akawa karani wa maasi. Barua za siri za kwenda kwa wakubwa waliounga mkono zilitoka mkononi mwake, mkono uliofunzwa na mfupa. Maasi yakashindwa, Waingereza wakamsaidia Majid kwa manowari, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme. Lakini baadaye alipopatana na Majid, Khole na Barghash wakaliona hilo kuwa usaliti, akabaki hana pa kuegemea.

Hayo ya kutoroka nitayapita kasi maana yameshasimuliwa sana. Alifahamiana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, akapata mimba, na Agosti 1866 akaondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku moja, tarehe 30 Mei 1867, kisha Hamburg. Mwaka 1870 mume wake aligongwa na tramu akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Kilichokuwa kinamwunganisha na kwao ni barua, na anaeleza mwenyewe jinsi alivyoubariki uamuzi wake wa kujifunza kuandika.

Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani. Aliwaandikia kwanza wanawe, wajue mama yao ametoka wapi. Na kilichonifurahisha, sio kitabu cha mtu aliyeimeza Ulaya bila kutafuna. Anazilinganisha shule za Wajerumani na chuo cha Mtoni na kusema wazi ni wapi anaona watoto wa Ulaya wanateswa bure. Anawaeleza wanawake wa kwao kwa watu waliokuwa wakiwahurumia bila kuwajua. Nilikuwa nasoma ndani ya daladala, nikapitiliza kituo mara mbili.

Halafu nikafika sura ya utumwa.

Nitasema kweli, nilikifunga kitabu. Mwanamke huyuhuyu, binti wa suria aliyetekwa, aliyefunzwa mwandiko na mtumwa, anautetea utumwa. Anadai maisha ya mtumwa katika nyumba za Waarabu si mabaya kama Wazungu wanavyoyaeleza, anamsema Mwafrika kuwa ni mvivu asiyefanya kazi ila kwa kulazimishwa, na anawalaumu Waingereza kwa haraka yao ya kukomesha. Nilimtafuta yule mtumwa mwalimu katika kurasa zote. Tumeambiwa alifundisha, basi. Salme aliyekuwa na jicho la kuona mpaka uliowekwa kati ya kalamu na mkono wa msichana, hakuona kwamba mtu aliyeushika mkono huo na kuuongoza naye alikuwa na mpaka wake, tena wa minyororo.

Nikakumbuka vile vyumba sita. Ukimpa Salme fomu, nadhani visanduku vya matendo, hisia na sanaa angejaza vyote kwa "nakubali kabisa". Chumba kile cha kuhoji haki ulizozikuta nyumbani angekijaza vipi? Kwa upande wa haki yake yeye, mlango wazi, upepo unavuma. Kwa upande wa haki ya waliomfulia na kumpikia, umekomewa. Wale wataalamu wangejumlisha na kugawanya, wakapata namba moja. Namba hiyo ingekuwa nzuri tu, na ndiyo inayonitia wasiwasi.

Wenzangu wengine niliowasimulia kijiweni walisema, "Aa, usimhukumu mtu wa zamani kwa sheria za leo, ndio dunia yake ilivyokuwa." Nimelifikiria hilo, silikubali lote. Mfupa ule nao ulikuwa kinyume cha dunia yake. Aliweza. Tena kitabu alikiandika Ujerumani, miaka ishirini baada ya kuondoka, wakati soko la watumwa la Unguja lilikwisha fungwa tangu 1873, na Sultani aliyetia saini ni Barghash, kaka yake yuleyule aliyekuwa akimwandikia barua. Habari mpya zilikuwepo. Alizikataa.

Dunia nayo haikumlipa uwazi wake kwa wema. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimpeleka Unguja, manowari za Kijerumani zikiwa bandarini, madai yake ya urithi yakatumika kama fimbo ya kumtishia Sultani. Barghash hakukubali kumpokea. Wajerumani walipopata walichokitaka hawakuwa na haja naye tena. Alirudi mara nyingine mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu, akaishi miaka mingi Beirut, na alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Amezikwa Hamburg.

Ningeweza kuishia hapo nikimnyooshea kidole, na kwa wiki mbili nilikuwa hivyo, najiona jaji. Kilichonikata maneno ni jambo dogo. Nyumbani kwetu yuko dada wa kazi. Amekaa nasi mwaka wa tatu sasa. Yeye ndiye anayenisuka kila Jumapili, mimi nimekaa chini nasoma, kichwa kiko magotini kwake. Jumapili moja nikiwa naye hivyo hivyo, kitabu cha Salme mkononi, akaniuliza, "Dada, hicho kinahusu nini?" Nikamweleza habari ya mfupa. Mikono yake ikasimama nywelezi. Akasema, "Mimi nilifika darasa la nne. Nilikuwa naandika vizuri, mwalimu alikuwa ananituma niandike ubaoni." Kisha akaendelea kusuka.

Miaka mitatu, mimi mtaka kuwa mwandishi, mdadisi, msisimkwa na mashairi, sikuwa nimemuuliza hata kijiji chao kinaitwaje. Nimemuuliza. Kilomita nane kutoka barabara ya lami, kuna mto ambao masika hauvukiki, na ndio uliomtoa shule kabla umaskini haujamaliza kazi. Mengine ni yake, ameniomba nisiyaandike.

Mwezi uliopita niliitwa usaili mwingine, ofisi nyingine kabisa. Mama mdogo alinipigia pasi blauzi mwenyewe, akanisindikiza hadi kituoni. "Katikati," akanikumbusha, "umesikia?" Fomu ilikuwa ya aina ileile, ila safari hii ya mashairi ilikuwa sentensi ya 18. Nikaweka vema palepale pa zamani, "nakubali kabisa". Nikaendelea. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi iliyouliza kama huwa navutiwa kujua maisha ya watu walio tofauti na mimi. Mwaka jana nadhani nilijibu hiyo bila hata kuvuta pumzi.

Nilikaa nayo mpaka msimamizi akaanza kukusanya karatasi. Nikaweka katikati.